Barabara Hudumu, Basi Huchakaa: Mwendokasi na Watu wa Njia ya Morogoro

Katika vitabu vya historia ya miji yetu imezoeleka kusimulia habari za watawala, majengo na bandari. Habari za abiria huandikwa kwa nadra, ijapokuwa mji hauwezi kuishi hata siku moja pasipo wao. Makala hii yakusudia kupima matokeo ya mradi mmoja wa barabara na mabasi, yaani ule wa Mabasi Yaendayo Haraka katika Njia ya Morogoro, Dar es Salaam, kwa watu wakaao kandokando ya njia hiyo na wale waipitao kila siku. Swali letu ni jepesi kulitamka lakini zito kulijibu: mradi huu umewafaa watu gani, kwa kiasi gani, na umewagharimu nini? Ili tusihukumu kwa pupa, yatubidi kwanza tuutazame pamoja na ndugu zake waliotangulia, kwani huu si wa kwanza kuahidi kuwaondolea watu wa mji huu adha ya usafiri.

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani wakaifanya makao makuu ya koloni lao. Wao, na Waingereza baada yao, waliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni mashariki penye upepo wa bahari, Uhindini katikati penye maduka, na Uswahilini magharibi, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi uwe mpaka. Kariakoo, ambayo jina lake latokana na kambi ya Carrier Corps ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawa moyo wa upande huo wa tatu. Mgawanyo huu ndio uliozaa safari ya kila siku. Kazi ilikuwa mashariki, bandarini na maofisini. Nyumba ya mfanyakazi ilikuwa magharibi. Mji ulipokua, Magomeni, Manzese, Ubungo na hatimaye Kimara zilijaa watu katika upande ule ule, lakini kazi haikuwafuata kwa kasi ile ile. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821. Ile ya 2012 ikahesabu 4,364,541. Na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Wengi wao hulala mbali na mahali pa kazi kwa umbali ambao babu zao wangeuita safari ya kufunga mzigo.

Kampuni ya kwanza kubwa ya mabasi ya mji, Dar es Salaam Motor Transport, iliyojulikana kwa herufi zake DMT, ilianza mwaka 1949 ikiwa mali ya Waingereza. Kampuni ilifuata faida, na faida hukaa penye abiria wengi na barabara nzuri. Mtu aliyeishi pembeni ya njia kuu alitembea kwa miguu mpaka alipolikuta basi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mambo yaligeuka: DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 kazi yake ikagawanywa kwa mashirika mawili ya umma. KAMATA ilipewa safari za mikoani, na UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam, ikapewa safari za mjini. Nia ilikuwa njema, nayo ni kwamba basi liwe haki ya raia na nauli iwe ile ambayo maskini aweza kuitoa.

Lakini nia njema haiwashi injini. Bei ya mafuta ilikuwa imekwisha kupanda baada ya 1973, fedha za kigeni zikapungua, na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikameza kilichosalia. Vipuri havikupatikana. Basi lililoharibika kwa kukosa kifaa kidogo lilikaa karakana miezi, na mwisho likawa ghala la vifaa vya kutengenezea mengine. Nauli iliwekwa chini kwa ajili ya mwananchi, lakini haikutosha kununua basi jipya la kumchukua mwananchi huyo. Wale waliokuwa watu wazima nyakati hizo bado wayakumbuka mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yaliyoitwa kumbakumba. Na wayakumbuka vilevile mapambazuko ya kusimama kituoni bila kuliona hata moja.

Mahali palipokosekana basi la serikali, watu walijitafutia lao. Yalitokea magari madogo ya watu binafsi yakichukua abiria kinyume cha sheria, yakaitwa thumni. Na magari yaliyofungwa mabenchi ya kukabiliana, abiria wakitazamana kama walaji katika mgahawa, yakaitwa chai maharage. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kufanya kazi hiyo kwa leseni. Nauli ilikuwa shilingi tano, na kwa kuwa sarafu ya shilingi tano iliitwa dala katika lugha ya mitaani, gari nalo likaitwa daladala. Majina haya ni ushahidi kwa mwanahistoria. Thumni na daladala ni majina ya fedha. Watu waliliita gari kwa kile kilichotoka mfukoni mwao. Wala haikuwa ajabu, kwani daladala ilitawaliwa na hesabu. Dereva na konda walidaiwa na mwenye gari kiasi maalumu kila jioni, na kilichozidi ndicho kilichokuwa riziki yao. Kutokana na hesabu hiyo yalitokea mema na mabaya yote ya daladala: ilifika vichochoroni ambako UDA haikufika kamwe, ilisimama popote abiria aliposema, "Shusha", na ilikimbia, ikajazana, ikakatisha safari, na kumkataa kila abiria asiye na faida.

Abiria asiye na faida kuliko wote alikuwa mwanafunzi, kwa sababu nauli yake iliamriwa iwe ndogo kuliko ya mtu mzima, na kiti alichokaa kilikuwa hasara kwa konda. Mwandishi wa makala hii aliijua hasara hiyo kwa mwili wake mwenyewe. Katika miaka ya 1990, akiwa amevaa shati jeupe na kaptura ya shule, alijifunza kujificha nyuma ya mgongo wa mtu mzima ili apenye mlangoni kabla konda hajamwona. Siku aliyoonekana alirudishwa chini, akasubiri gari jingine, akafika shuleni vipindi viwili vimekwisha kupita, akachapwa kwa kuchelewa. Hakumchukia konda wakati ule, wala hamchukii sasa. Konda naye alikuwa na mtu wa kumjibu jioni. Lakini tangu hapo ameamini kwamba usafiri wa mji upimwe kwanza kwa namna unavyomtendea yule asiyeweza kuununua kwa bei kamili.

Wazo la kujenga njia maalumu za mabasi lilianza kuzungumzwa na Halmashauri ya Jiji mapema katika miaka ya 2000. Mfano ulikuwapo tayari: mji wa Curitiba huko Brazili uliufungua mfumo wa namna hii mwaka 1974, na Bogotá ya Kolombia ikafuata mwaka 2000. Mwaka 2007 ukaundwa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, na mwaka 2012 ujenzi ukaanza kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Awamu ya kwanza ilikuwa na kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Mabasi yalipewa njia yao katikati ya barabara, magari mengine yakabaki pembeni, na abiria akawa anakata tiketi dirishani kabla ya kupanda. Tarehe 10 Mei 2016 mabasi yalianza kazi, na mnamo Januari 2017 Rais John Magufuli akaufungua mradi rasmi. Watu hawakulitumia sana jina refu la wakala. Waliyaita mabasi hayo mwendokasi. Kwa mara ya kwanza basi la Dar es Salaam lilipewa jina la kile ambacho abiria alikuwa akikitamani, wala si la kile alichokitoa.

Hapana shaka kwamba katika miaka ile ya mwanzo jina lilistahili. Safari ya Kimara mpaka Kivukoni, ambayo katika msongamano wa asubuhi iliweza kula saa mbili au zaidi, ikawa chini ya saa moja. Saa moja asubuhi na saa moja jioni, kwa siku tano za kazi, ni saa kumi kwa juma. Mtu apataye saa kumi amepata zaidi ya siku nzima ya kazi: mama huziona daftari za wanawe kabla hawajalala, na fundi humaliza kazi ya pili. Faida hii haionekani katika vitabu vya hesabu vya mradi, lakini ndiyo kubwa kuliko zote. Nauli ya njia kuu ilianza kwa shilingi 650, wakati ile ya daladala kwa safari fupi ilikuwa 400. Mwenye mradi alikuwa ameomba zaidi, Serikali ikakataa. Katika miaka michache abiria wa kila siku walihesabiwa kuwa kati ya 150,000 na 200,000, na jiji likatunukiwa Tuzo ya Kimataifa ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018.

Lakini pana badiliko jingine ambalo wasifuo barabara hulisahau. Mwanafunzi alilipa shilingi 200 dirishani kama mwenziwe alipavyo 650, akapita langoni, na ndani ya basi hapakuwa na mtu wa kumwuliza kwa nini amekaa. Kule kutenganisha mkono upokeao fedha na mkono ufunguao mlango kuliuondoa uadui wa miaka mingi kati ya konda na mtoto wa shule. Hali kadhalika sakafu ya kituo ilijengwa iwe sawa na sakafu ya basi, ili mtu mwenye gari la magurudumu aingie bila kubebwa kama mzigo. Mambo haya mawili hayakuhitaji hotuba. Yalitokana na mpango wa dirisha na kimo cha sakafu, na yatufundisha kwamba heshima ya mtu yaweza kujengwa kwa saruji.

Gharama nazo tusizifiche. Daladala zilizokuwa zikipita katika Njia ya Morogoro ziliondolewa na kupelekwa njia nyingine. Wenye magari walikaribishwa kushiriki katika kampuni mpya kwa njia ya vyama vyao. Lakini dereva, konda na mpiga debe, ambao hawakuwa na gari wala hisa, hawakuwa na cha kushirikisha isipokuwa nguvu zao. Wenye maduka ya Manzese na Magomeni waliona mahali ambapo magari ya wateja yalikuwa yakisimama pamekuwa njia ya kupita. Mama lishe na wachuuzi walihama kutoka vituo vya zamani kufuata vituo vipya, na baadhi yao wakaondolewa huko tena. Abiria wa vichochoroni, ambaye daladala ilimshusha karibu na mlango wake, alilazimika kubadili gari, au kumlipa mwenye bodaboda kwa kipande kilichobaki. Kwake yeye safari ilikuwa fupi kwa saa, lakini pengine haikuwa nafuu kwa fedha. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mpimaji atazamaye ramani tu hataiona nauli ya bodaboda.

Sasa tuje kwenye kasoro iliyo kubwa zaidi, ambayo kwa maoni yangu imeurudisha mradi huu katika ukoo wa UDA. Mwendokasi ulianza na mabasi 140. Mahitaji ya awamu ya kwanza yalikadiriwa kuwa mabasi 305. Mengine 70 yalipoletwa mwaka 2018, yalizuiliwa bandarini kwa muda mrefu kwa mvutano wa kodi, huku yale ya kwanza yakichakaa kwa kujazwa kupita kiasi. Matokeo yake yakaonekana Kimara kila asubuhi: umati uliofika mpaka nje ya kituo, basi likifika tayari limejaa, na vijana wenye nguvu wakiingia kwa kusukumana. Kile kimo cha sakafu kilichojengwa kwa ajili ya mlemavu, mja mzito na mzee kikawa hakiwafai kitu, kwa sababu hawawezi kushindana mlangoni. Mwanafunzi aliyeokolewa na dirisha la tiketi akashindwa tena na viwiko. Upungufu wa mabasi haukumwumiza kila mtu sawasawa; uliwaumiza kwanza wale wale ambao mpango uliahidi kuwalinda.

Kasoro ya pili ni ya mahali. Karakana kuu ya mabasi ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Mnamo Desemba 2011, kabla ya ujenzi wa mradi kuanza, bonde lile lilikuwa limekwisha kutoa ushahidi wake: mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na wakazi wa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Haikuwa siri kwamba maji hupita hapo. Hata hivyo mabasi yalilazwa mahali ambapo watu walikuwa wakiondolewa. Maji hayakusahau njia yake. Karakana ilifurika mara kwa mara, mabasi yakaharibika, na barabara ya Jangwani ikafungwa kila mvua kubwa iliponyesha, magharibi ya mji ikatengwa na mashariki. Mwaka 2022 ulipitishwa mkopo mwingine wa Benki ya Dunia kwa ajili ya kuliendeleza bonde hilo, pamoja na daraja la kuivusha barabara juu ya maji. Basi twaona kwamba deni la pili limekuja kurekebisha lile ambalo mzee yeyote wa Magomeni angaliweza kulisema bure kabla ya deni la kwanza.

Mfano wa tatu watoka kusini mwa mji. Awamu ya pili ya mradi, katika Njia ya Kilwa kwenda Mbagala, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa urefu wa kilomita 20 hivi. Njia na vituo vilikaribia kukamilika, lakini mabasi hayakuwapo. Mpaka mwaka 2025 ndipo yalipoanza kubeba abiria. Kwa muda huo watu wa Mbagala waliitazama njia nyeupe ya zege katikati ya barabara yao, tupu, na daladala zao zikibanana pembeni katika nafasi iliyopunguzwa. Sidhani kama pana picha iliyo wazi kuliko hiyo ya tabia yetu ya kupanga. Barabara hujengwa mara moja, kwa mkopo, mbele ya wageni, kwa utepe na makofi. Basi hununuliwa leo na kuanza kuchakaa kesho. Ladai mafuta, matairi, fundi na nauli ya kutosha kila siku, na hakuna akataye utepe siku ambayo breki zimebadilishwa. Kwa hiyo twapata fedha za kujenga, twakosa nidhamu ya kutunza.

Yapo maoni kinzani ambayo yastahili kusikilizwa. Wapo wasemao kwamba ilitupasa tubaki na daladala, tuzitengeneze na kuzisimamia vizuri, kwa kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Hoja hii ina uzito. Daladala iliutumikia mji kwa miaka mingi bila mkopo wa nchi, na hata leo njia nyingi za Dar es Salaam zaitegemea. Lakini aliyesimama Ubungo katika miaka ya 2000 atakumbuka kwamba magari madogo maelfu kwa maelfu hayakuweza kusogea, na kwamba kuyaongeza kulikuwa ni kuongeza foleni. Idadi ya watu ilikuwa imeupita uwezo wa gari dogo. Njia maalumu ya mabasi makubwa ilihitajika. Kosa halikuwa katika wazo. Wengine husema kwamba mwenye mradi angeachwa atoze nauli aitakayo, mabasi yangalipatikana. Historia ya DMT yajibu: kampuni iliyoachwa na faida peke yake huwafuata wenye fedha. Na historia ya UDA yajibu upande wa pili: nauli ndogo isiyolipiwa pengo lake na mtu yeyote hulipwa na abiria mwenyewe kwa kusubiri. Ikiwa Serikali yataka nauli ya huruma, na ni vema iitake, basi iitie huruma hiyo katika bajeti yake kila mwaka.

Mnamo tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, palitokea machafuko jijini, na miongoni mwa vitu vilivyochomwa na kuharibiwa vilikuwamo vituo na mabasi ya mwendokasi. Sababu za machafuko yale ni pana kuliko makala hii, wala si haki kuzifanya ziwe habari ya mabasi. Nayataja kwa kuwa mwandishi wa historia hawezi kuandika habari za vituo vile kana kwamba vimesimama nje ya mambo ya nchi. Kituo cha basi ni mali ya umma kwa hati; huwa mali ya umma kwa mioyo ya watu pale tu wanapohudumiwa hapo kwa haki siku baada ya siku.

Hukumu yetu basi ni ipi? Barabara ya Morogoro ilijengwa vizuri, na kwa miaka michache iliwapa watu wa Kimara, Manzese na Magomeni saa ambazo hakuna aliyewahi kuwapa. Ilimtoa mtoto wa shule katika aibu ya mlangoni. Hayo ni matunda ya kweli, na msomi aliye na gari lake asiyadharau. Lakini faida hiyo ilipungua kwa kadiri mabasi yalivyopungua, nayo ilipungua kwanza kwa mnyonge. DMT ilikuwa na mabasi bila moyo wa kuwahudumia wote. UDA ikawa na moyo bila mabasi. Daladala zikawa na magari bila utaratibu. Mwendokasi ukawa na barabara na utaratibu, ukapungukiwa na magari. Kila mfumo ulikuwa na sehemu ya dawa ambayo mwingine uliikosa, na kila mara tulitupa wa zamani wote mzima badala ya kuchukua ile sehemu iliyofaa.

Njia nyingine zimepangwa kwenda Gongo la Mboto na Tegeta, na wanafunzi wetu wa leo ndio watakaozipima. Nawashauri wasianze kupima kwa kilomita, wala kwa mabilioni yaliyotumika. Waende kituo cha mwisho, saa kumi na mbili asubuhi, siku ya mvua. Wamtafute mtoto aliyevaa sare ya shule, wahesabu ni mabasi mangapi yampitayo kabla hajapanda. Hesabu hiyo waiandike juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kisha ndipo waendelee na mengine.